KUANDIKWA KAZI: KUTOKA MZIGO WA PAGAZI HADI MKATABA WA LEO

Kama karatasi za somo hili zimekwisha fika mikononi mwenu, zifungueni mnifuate kwa macho. Asiyeweza kusoma upesi asione haya. Nitakwenda polepole.

Kwanza namwomba mwalimu aandike ubaoni neno moja tu: ANDIKA. Neno hili mnalijua. Siku ya kwanza ya darasa mlifundishwa kuandika majina yenu. Lakini neno hili lina maana nyingine. Mtu akipata kazi husema, “Nimeandikwa.” Mwenye shamba akitaka watu wa kupalilia husema, “Kesho nitaandika watu wawili.” Kupalilia si kuandika, wala kubeba mzigo si kuandika. Basi mbona twasema hivyo? Ni kwa sababu jina la mtu huingizwa katika daftari. Na kwa muda mrefu sana, mwenye jina hakuweza kulisoma daftari hilo.

Somo letu la leo ni juu ya daftari hilo. Tutauliza swali moja: mtu anapotaka kumwandika mwingine kazi, yampasa kuuliza nini kwanza? Je, mtu huyu ana ruhusa ya kufanya kazi? Ruhusa hiyo hutoka kwa nani? Tena, ikiwa hana, kosa ni la nani? Maswali haya si mageni. Yalikuwa yakiulizwa katika njia ya Tabora kabla babu zetu hawajazaliwa.

NJIA YA MISAFARA

Fikirini njia ya zamani kutoka Bagamoyo, kupita Ugogo, kuingia Unyamwezi, kufika Tabora, na kuendelea mpaka Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Hapakuwa na reli wala lori. Kila kitu kilikwenda juu ya kichwa au begani mwa mtu. Kutoka pwani zilikwenda nguo, shanga na waya. Kutoka bara zilikuja pembe za ndovu. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa karibu frasila mbili, yaani kadiri ya kilo 30.

Mwaka 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, walipita njia hiyo. Waliondoka pwani mwezi wa Juni, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwezi wa Novemba. Miongoni mwa watu wao alikuwamo Sidi Mubarak Bombay. Mtu huyu alitekwa akiwa mtoto, akapelekwa Bara Hindi akiwa mtumwa, kisha akapata uhuru wake akarudi Afrika. Kumbukeni habari zake, maana zitatufaa punde.

Wapagazi wengi wa njia hii walikuwa Wanyamwezi, nao walikuwa watu huru. Walishuka pwani wakati wa kiangazi, wakarudi kwao kulima mvua zilipokaribia. Hawakuwa watu wa kusukumwa tu. Walikuwa na kirangozi wa kutangulia mbele, na wanyampara wa kuwasemea. Walijua posho yao ni kiasi gani, na posho ilipopunguzwa waliweza kuweka mizigo chini, wakakataa kuinuka. Mkataba wao haukuwa wa karatasi. Dhamana ya pagazi ilikuwa wenzake.

Lakini mwenye msafara alikuwa na wasiwasi wake. Desturi ilikuwa kumlipa pagazi sehemu ya mshahara kabla ya safari. Je, mtu huyu hakupokea malipo ya msafara mwingine jana? Je, hatatoroka usiku wa kwanza? Tena, huko pwani na Unguja, palikuwa na swali zito zaidi: mtu huyu ni huru au ni mtumwa? Watumwa wengi wa pwani waliandikwa upagazi kwa idhini ya mabwana wao, na sehemu ya mshahara wao ilikwenda kwa mabwana hao. Mwenye msafara aliyemchukua mtumwa bila idhini aliweza kudaiwa na bwana wake.

Hapa tutazame vizuri. Ruhusa ya kufanya kazi ilikuwako tangu zamani hizo. Lakini iliombwa kwa nani? Haikuombwa kwa yule mbebaji, bali kwa mtu aliyejiita mwenye mbebaji. Swali liliulizwa ili kulinda mali ya bwana. Wala sura ya mtu haikuweza kutoa jibu. Aliyemtazama Bombay kwa macho tu asingeweza kujua kwamba alikuwa mtu huru.

Baadaye serikali ziliingia katika jambo hili. Mwaka 1891 Sultani Ali bin Said wa Unguja alikataza watu wa nchi yake kuandikwa upagazi na uaskari kwa kazi za nje ya milki yake. Utumwa wenyewe ulikufa polepole. Unguja, sheria iliacha kuutambua mwaka 1897. Tanganyika, watu walingoja mpaka mwaka 1922. Kwa hiyo wako wazee waliokuwa na watoto na wajukuu kabla sheria haijasema kwamba mikono yao ni mali yao wenyewe.

KADI NA KIPANDE

Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Msafara wa miguu ukaisha nguvu. Vita ya mwaka 1914 hadi 1918 iliurudisha upagazi kwa muda, na safari hii wengi walichukuliwa kwa nguvu. Hakuna aliyewauliza kama wamekubali. Vita ilipokwisha, pagazi hakuwa na mzigo tena. Mwana wa pagazi akaenda kutafuta kazi katika reli, na katika mashamba ya katani ya Tanga na Morogoro.

Huko alikutana na karatasi. Tangu wakati wa Wajerumani, katika wilaya ya Usambara, wenyeji walikuwa wamepewa kadi za kazi. Mtu alilazimika kumfanyia kazi Mzungu siku 30 katika kila miezi minne, na siku hizo zikaandikwa katika kadi. Kadi hiyo haikumpa mtu ruhusa ya kufanya kazi. Ilimnyima ruhusa ya kukaa kwake bila kazi.

Sasa tutoke Tabora kidogo, twende nchi jirani ya Kenya, maana huko neno “kipande” lilipata maana iliyoumiza watu wengi. Sheria ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kufanya kazi baada ya vita, mwaka 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alipaswa kuandikishwa. Alipewa hati yenye jina lake na alama za vidole vyake, ikatiwa katika kikasha cha bati, akaivaa shingoni. Mwajiri aliandika humo siku ya kuanza kazi, mshahara, na siku ya kuacha. Mtu ambaye hakuandikiwa kwamba ameachishwa kazi hakuruhusiwa kuandikwa na mwajiri mwingine.

Basi mwajiri wa Kenya alikuwa na wajibu wa kukagua karatasi kabla ya kumwandika mtu. Lakini ukaguzi huo ulimlinda nani? Ulimlinda mwajiri wa kwanza, ili mtumishi asimwache. Hata mshahara ulioandikwa humo ulimfunga mtu, kwa sababu mwajiri wa pili aliusoma akajua kwamba mtu huyu amezoea kulipwa kidogo. Harry Thuku alipowaongoza watu kulalamika, kipande kilikuwa moja ya malalamiko yao makubwa. Alikamatwa mwezi wa Machi mwaka 1922, na watu waliokusanyika Nairobi kutaka afunguliwe walipigwa risasi. Sheria mpya ya mwaka 1947 ya kuandikisha watu wa mataifa yote ndiyo iliyoanza kukiondoa kipande cha shingoni.

Kwetu Tanganyika neno hilo hilo lilikuwa na maana nyingine. Katika mashamba ya katani, kipande kilikuwa kadi ya kazi yenye nafasi za siku 30. Mfanya kazi alipaswa kuzijaza siku hizo katika muda wa siku 42. Kipande kilipojaa ndipo alipopata mshahara wake. Wazee wengi wa Tabora na Kigoma walihesabu umri wao wa ujana kwa vipande.

MANAMBA

Mwaka 1926 Serikali ya Waingereza iliunda Idara ya Kazi katika Tanganyika, na kamishna wake wa kwanza alikuwa Orde-Browne. Watu walikuwa wakienda mbali kwa miguu kutafuta kazi, wakifika wamedhoofika. Idara ikashughulikia afya yao, na mahali pa kupumzikia njiani. Lakini sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923 ilikuwa bado inamhesabu mtumishi aliyetoroka kazini kuwa mkosaji.

Mwaka 1944 wenye mashamba ya katani waliunda chama chao cha kuandika watu, kikaitwa SILABU. Mawakala wake walikwenda magharibi mwa nchi. Watu waliandikwa, wakapimwa na mganga, wakapelekwa mashambani kwa reli na kwa lori. Kila mtu alikuwa na namba yake, na kwa hiyo wakaitwa “manamba.” Angalieni lugha yetu inavyotunza kumbukumbu. Babu alikuwa na jina mbele ya kirangozi wake, lakini mjukuu alipofika Korogwe alikuwa namba.

Hata hivyo, wakati huo jambo jipya lilikuwa limeanza. Shirika la Kazi la Kimataifa lilitoa mapatano mwaka 1936 juu ya kuandika wafanya kazi wa makoloni, na mengine mwaka 1939 juu ya mikataba yao. Mapatano hayo yalisema kwamba anayeandika watu awe na leseni. Yalisema mtu apelekwe mbele ya ofisa wa Serikali, naye ofisa ahakikishe kwamba mtu huyo ameuelewa mkataba na ameukubali kwa hiari yake. Yalisema apimwe afya, na kwamba gharama za safari si zake.

Mwaona tofauti? Kwa mara ya kwanza swali liligeuka. Hapo zamani mfanya kazi ndiye aliyeulizwa, “Una ruhusa gani?” Sasa mwandikaji naye akaulizwa, “Wewe una ruhusa gani ya kumwandika? Umemwambia nini? Amesikia?” Ofisa wengine waliuliza kweli, na wengine walipiga mhuri tu. Manamba wengi walitia kidole gumba katika karatasi ambayo wasingeweza kuisoma. Lakini swali lenyewe lilikuwa limezaliwa.

SIKU HIZI

Sasa turudi Tabora ya leo. Usidhani somo hili ni la wenye viwanda tu. Yamkini wewe mwenyewe ni mwajiri. Tuseme una shamba la tumbaku Urambo au Kaliua. Msimu umefika. Kijana anakuja mlangoni kwako na mfuko wake, anatafuta kazi. Pengine ametoka Kigoma, pengine ng’ambo ya mpaka. Ufanye nini? Yako mambo matatu ya kuuliza.

Kwanza, uliza umri wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Aliyefika 14 aweza kufanya kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Kazi za hatari ni mwiko kwa yeyote aliye chini ya miaka 18. Kazi ya tumbaku ina dawa za kupulizia, ina moshi wa mabani, na jani bichi lenyewe huingiza sumu mwilini kwa ngozi. Usiseme, “Alikuwa mrefu, nikadhani ni mtu mzima.” Kuuliza ni kazi yako wewe.

Pili, uliza kama aweza kufanya kazi katika nchi hii. Raia hahitaji kibali. Asiye raia anahitaji kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, kwa sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wageni, na kibali cha ukaazi kutoka Idara ya Uhamiaji. Sheria hiyo inamkataza mwajiri kumwandika mgeni asiye na kibali. Mwajiri asiyetii ana kosa, na kosa haliishi kwa mfanya kazi peke yake.

Lakini jihadhari hapa. Usimpime mtu kwa sura wala kwa matamshi. Mwaka 1972 watu wengi walikimbia mauaji nchini Burundi, wakapewa mahali pa kukaa Ulyankulu katika mkoa huu wa Tabora, na Katumba na Mishamo. Miaka mingi ikapita. Zaidi ya watu 160,000 kati yao na watoto wao walikubaliwa kuwa raia wa Tanzania, na mwaka 2014 vyeti vyao vya uraia vikaanza kutolewa. Basi mtu wa Ulyankulu aweza kusema Kiswahili chenye ladha ya Kirundi, naye ni raia kama wewe. Kumbuka habari za Bombay. Macho hayasomi uhuru wa mtu. Hati ndiyo husomwa, na waulizwe wote, si yule tu ambaye hukumpenda sura.

Ukiisha kuitazama hati yake, andika namba yake katika daftari lako, kisha umrudishie. Usiifungie sandukuni mpaka mavuno. Mwenye kushika hati ya mwenzake amemvika kipande shingoni.

Tatu, mwambie mapatano, nawe uyaandike. Sheria ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanya kazi maelezo ya maandishi anapoanza kazi: jina lake, umri wake, mahali alikoandikwa, kazi yake, siku ya kuanza, muda wa kazi, saa zake na malipo yake. Na kama mfanya kazi haelewi maandishi hayo, mwajiri ahakikishe ameelezwa kwa namna atakayoielewa. Ayatunze maelezo hayo kwa miaka 5 baada ya kazi kwisha. Wakigombana, na mwajiri akashindwa kuonyesha maandishi, yeye mwajiri ndiye atakayetakiwa kuthibitisha kwamba hakuahidi kile anachodaiwa.

Kwa nini sheria inataka mahali alikoandikwa mtu? Kwa sababu kazi ikiisha mbali na mahali pale, ni wajibu wa mwajiri kumrudisha huko pamoja na vitu vyake, au kumpa nauli. Pagazi wa zamani angelipenda sana kusikia habari hii.

Sasa nataka kusema neno ambalo ndilo roho ya somo letu. Wako watu wasiouliza kitu msimu unapoanza. Wanamchukua mgeni, wanamlimisha, wanamkaushisha tumbaku miezi mingi. Siku ya malipo ndipo wanapokumbuka sheria. “Wewe huna kibali,” wanasema. “Ukinidai, nitakupeleka Uhamiaji.” Mtu anaondoka usiku, mikono mitupu. Ndugu zangu, huyo hatii sheria. Anaiba kwa kutumia sheria. Aliyejua siku ya mavuno aliweza kujua siku ya kupanda. Swali la ruhusa huulizwa siku ya kuandika mtu, si siku ya kumlipa. Likiulizwa mapema, linamlinda mwajiri, mfanya kazi na nchi. Likiulizwa mwishoni, linamlinda mdhulumu peke yake.

Na wewe ambaye ni mfanya kazi, usione vibaya ukiulizwa hati. Toa hati yako, nawe uulize: “Malipo ni kiasi gani? Yatatolewa lini? Yameandikwa wapi?” Pagazi wa Kinyamwezi aliuliza posho yake kabla ya kuinua mzigo, naye hakujua kusoma. Wewe sasa unajua. Soma kwanza, kisha utie sahihi. Usichokielewa, omba usomewe mara ya pili mbele ya mtu unayemwamini.

Tulianza na neno ANDIKA. Zamani mtu aliandikwa, naye hakujua kilichoandikwa. Ninyi mnaokuja darasani jioni baada ya kazi, mkiwa mmechoka, mnajifunza ili mtu asiandikwe tena gizani. Na siku utakapomwandika mwenzako, utaandika lile ambalo hutaona haya akilisoma.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Katika siku za misafara, mwenye msafara wa pwani aliomba ruhusa kwa nani kabla ya kumwandika mtumwa? Ruhusa hiyo ilimlinda nani?

2. Kipande cha Kenya na kipande cha mashamba ya katani vilitofautiana vipi?

3. Kwa nini hatuwezi kujua uraia wa mtu kwa kusikiliza matamshi yake?

4. Kila mwanafunzi aandike karatasi moja fupi ya kumwandika mtu kazi ya palizi: jina, umri, mahali alikotoka, kazi, siku ya kuanza, saa na malipo. Kisha badilishaneni karatasi, kila mtu asome ya jirani yake. Je, wewe ungekubali kuandikwa kwa karatasi hiyo?

Kwaherini, ndugu wanafunzi, mpaka somo lijalo.